Kufuli la Mashine ya Mama

Mikelenge, Kindu, tarehe 4 mwezi wa pili 2024

Kwa mdogo wangu Sofia, huko Lubumbashi,

Asalaam alaykum. Kama Kindu ingali imesimama kandokando ya Lualaba mpaka leo, umushukuru Mungu kwanza, halafu umushukuru yaya yako. Sijisifu. Uliza wazee wa gare, pale treni inaposimama. Wakati wa vita treni ilikuwa imelala, pirogi hazivuki muto, barabara ya kwenda muji wa Kama imejaa bunduki, na muji muzima ulikuwa na kinywa kimoja tu: ile phonie, redio ya kuongea na miji mingine. Na phonie ilikuwa mikononi mwa nani? Wakubwa wa jeshi walikuwa wanavua kofia mlangoni: «Mbaraka, tupatie Kisangani.» Nawaambia: «Mukae pale kwenye benchi, naongea na Geneve.» Wanakaa.

Nakukumbusha hayo kwa sababu naona umesahau unaandikia nani.

Sisi huku tuko, Mungu anatulinda; sijui wewe na kifua chako, na baridi ya Lubumbashi. Émilienne mguu wake umepona, amerudi shambani, ananigombeza kama zamani, njo alama ya afya katika ndoa. Mama naye iko muzima, anakula, anasoma, ni wa kwanza darasani.

Na hapo nianze hasira yangu ya kwanza. Nasikia kwa simu unamwita mutoto jina kavu: «Zawadi, umefagia? Zawadi, umekula?» Sofia! Yule amebeba jina la mama yetu marehemu. Hapa nyumbani yeye njo Mama. Akiingia, mimi natoka kwenye kiti. Akisema mboga ya sombe haina chumvi, Émilienne anaongeza chumvi bila maneno. Wewe ulimuzaa, sawa, lakini jina lilimutangulia.

Hasira ya pili ni ile ordinatere, mashine ya kompyuta, uliyomtumia. Imefika muzima mikononi mwa mama mdogo Pélagie, hata kioo hakikupasuka kwa safari yote ya treni. Mama alipoiona alicheza uwanja muzima. Lakini ndani ya kisanduku nikakuta kijibarua chako: «Yaya, usiiguse. Umwite Blaise wa cyber aweke kufuli la mzazi.»

Blaise! Mutoto niliyemuona anakimbia Mikelenge hii bila suruali! Aje anifundishe mimi kufunga? Mimi niliyefunga na kufungua sauti ya muji muzima? Basi ujue: nimeiweka kufuli mimi mwenyewe, kwa mkono wangu. Nimefunga mlango wa mbele, mlango wa nyuma na dirisha. Nzi akitoka Ulaya leo, atafika Mikelenge na kugonga kichwa.

Na usishangae kwamba nakuandikia kwa kalamu wakati mashine iko ndani. Muntu mukubwa haandiki mambo yake kwa mashine.

Yaya yako, mjomba wa mutoto,
Mbaraka


Lubumbashi, tarehe 9 mwezi wa tatu 2024

Yaya Mbaraka,

Wa alaykum salaam. Barua yako nimeipokea kwa mama mdogo Pélagie, aliposhuka tu kwenye treni na magunia yake ya mchele. Kifua changu kimetulia, asante kuuliza. Umpe Émilienne pole: pole ya mguu, na pole ya mume.

Najibu kwa karatasi na sipigi simu, kwa sababu kwa simu ukishindwa unasema rezo, mtandao, imekatika. Karatasi haikatiki.

Tuanze na phonie. Yaya, unasimulia habari hizo kwa watu wa mtaa wa Kasuku, hawakuwepo. Mimi nilikuwepo. Nilikuwa na miaka kumi, lakini macho nilikuwa nayo. Kwenye phonie ulikuwa unabeba betri. Ni kazi, siidharau, mgongo wako uliumia. Lakini usiniambie Geneve.

Na siku ile ya risasi hukuwa kwenye phonie wala kwenye betri. Ulikuwa ndani na sisi. Mama alikuwa ameshusha gogo la mlango, akatia kufuli, na ufunguo ameufunga kwenye pindo la kitenge chake. Wenzako walikuwa wanakuita nje. Wewe mwanaume wa miaka ishirini na mbili ulimpigia magoti: «Mama, nifungulie, wananiita.» Akakwambia: «Kaa. Menya mihogo.» Ukakaa, ukamenya. Wale waliokuita hawakurudi hata mmoja, unajua.

Sikumbuki risasi. Nakumbuka sauti. Mchana ule ule mtu alikuja mlangoni, sauti yake laini kama ya mwalimu, akaniita kwa jina langu: «Sofia, fungua, mwanangu. Yaya yako amenituma. Ameumia.» Na wewe ulikuwa umekaa pembeni yangu, kisu cha mihogo mkononi. Kama ungekuwa nje siku ile, yaya, ningefungua. Ningefungua mbio. Gogo la Mama njo lilituponyesha, wewe na mimi.

Ndiyo sababu naogopa mashine. Siogopi picha za uchi tu, kama unavyodhani. Naogopa mtu wa sauti laini. Atajua jina lake, atajua shule yake, atasema ametumwa na mimi. Huku tunapouza dawa, binti wa mwenzangu aliandikiwa hivyo kwa miezi, na mama yake yuko chumba cha pili anapiga pasi.

Sasa unisikilize vizuri. Kufuli la mzazi ni hivi: mashine inataka iandikiwe mzazi ni nani na mtoto ni nani. Mzazi anashika kode, namba ya siri. Saa ya mtoto ikiisha, mashine inajifunga, na akitaka kuongezewa anamuomba mzazi. Mtu asiyejulikana akimwandikia mtoto, mzazi anaona, anamfunga. Kwa hiyo unijibu mambo mawili tu, bila Geneve: nani ameandikwa mzazi, na kode iko kwa nani?

Kama hakuna kufuli, likizo kubwa ikifika mama mdogo Pélagie atamleta Zawadi huku kwangu, na hatarudi Kindu. Sisemi kwa kukutisha. Nimekwisha kumtafutia shule.

Mdogo wako,
Sofia


Mikelenge, Kindu, tarehe 17 mwezi wa nne 2024

Sofia,

Salaam, ingawa hukustahili. Tuko wazima. Mvua imebeba nusu ya mihogo, nusu imebaki, kama hasira yangu: nusu nimeimeza, nusu nakuandikia.

Ati kubeba betri! Unajua betri ya phonie wewe? Phonie bila betri ni kabati. Anayebeba betri njo anayeamua leo muji unaongea au hauongei. Na siku ile ya mihogo sikupiga magoti. Nilikuwa nimeinama natafuta kiatu changu chini ya kitanda cha Mama. Ulikuwa mutoto, uliona magoti, hukuona kiatu.

Unauliza mzazi ni nani kwenye mashine. Swali gani hilo kumuuliza muntu mwenye ndevu? Mzazi ameandikwa. Mutoto ameandikwa. Kode iko kwa mzazi na haijatoka nje ya nyumba hii. Unataka nini tena, nikuletee shahidi wa serikali?

Na nguvu ya kufuli hiyo, kama ungeiona, ungenyamaza. Jua likizama tu, inafunga. Hata uwe unaangalia mpira, penalti, muntu ameweka mpira chini, anarudi nyuma hatua, anakimbia: giza! Mimi mwenyewe niliyeiweka kuna mahali nikifika inanirudisha, inaniambia niombe ruhusa. Mimi! Onyesha muntu mwingine katika Kindu ambaye kufuli yake ina nguvu mpaka inamushinda aliyeitengeneza. Watu wanavuka muto kutoka Alunguli kuja kuniomba niwafungie zao. Wachimbaji wa Kama wananiita Injinia. Juzi mmoja alitaka kunibusu mkono, nikamkataza, nikamwambia tuna dini.

Sasa habari ya kumchukua Mama. Hapo sichezi.

Ulipoondoka kwenda kutafuta kazi, alikuwa hajaota meno ya mbele. Nani alikaa naye kwenye surua? Nani alimubeba begani mpaka shule, matope mpaka hapa? Nilimutembeza Mikelenge nzima nasema, tazameni, mama yangu amerudi. Na leo unasema umekwisha kumtafutia shule, kama unahamisha mbuzi!

Mama hatoki. Akitoka yeye nani ataniambia sombe haina chumvi? Nani nitamupisha kiti? Mama yetu tulimuzika mara moja, Sofia. Usinifanye nimusindikize mara ya pili, kwenye gare.

Yaya yako,
Mbaraka, ambaye watu wengine wanamuheshimu


Lubumbashi, tarehe 22 mwezi wa tano 2024

Yaya,

Salaam. Sitauliza habari za mihogo.

Jana nilipokea picha kwenye simu, imetoka kwenye simu ya Émilienne. Aliyeituma ni Zawadi. Ni picha ya kioo cha ile mashine, ya mtoto wangu, niliyonunua mimi. Chini yake ameniandikia: «Mama Sofia, angalia. Nimeshamfunga.»

Nakuandikia kilichokuwa juu ya kioo, nimekitoa kwenye Kifaransa neno kwa neno, ili na wewe ulale nacho kama nilivyolala nacho mimi:

«Kipenzi changu, tangu nikujue moyo wangu haupumziki. Nitumie picha yako ukiwa peke yako, usimwonyeshe mtu. Uniambie nyumba yenu hapo Mikelenge iko upande gani, nitatuma mtu akuletee zawadi. Hii iwe siri yetu. Docteur Claudine.»

Docteur Claudine! Huyo hajawahi kuwa Claudine hata siku moja. Huyo ana ndevu na anakaa mahali anacheka.

Nikapiga simu. Nikamuuliza mtoto taratibu: huyu ameandika tangu lini? Ameandika mara nyingi? Nikasema, Zawadi, mimi ni mama yako. Akajibu kwa sauti ndogo: «Niliahidi nisiseme.» Ulimuahidi nani? «Mtu mkubwa.» Mtu mkubwa gani? Akaanza kulia, akasema ameapa, na kiapo ni kiapo.

Yaya. Mtoto anayesema «niliahidi nisiseme» ni mtoto aliyekwisha kushikwa. Hivyo njo wanavyofanya: kwanza jina, halafu siri, halafu kiapo. Binti wa mwenzangu alisema maneno yale yale, herufi kwa herufi.

Na kufuli yako iko wapi? Iko wapi ile iliyomshinda mwenyewe? Ile sauti laini ilikaa nje ya mlango wetu miaka yote hii, sasa imepata njia, imeingia mpaka mezani kwa mtoto, na wewe umekaa pembeni na kisu cha mihogo unajisifu kwa watu wa Alunguli! Mama yetu hakusoma hata darasa moja. Alishusha gogo. Wewe umeshindwa kushusha gogo.

Zima mashine. Mpe mama mdogo Pélagie aje nayo. Na uniandikie upesi: mtu mkubwa huyo ni nani? Ni mtu wa nyumba? Ni jirani? Ni mwalimu? Kila siku usipojibu, mimi sili.

Sofia


Lubumbashi, tarehe 30 mwezi wa sita 2024

Mbaraka,

Mama mdogo Pélagie amerudi mikono mitupu. Hakuna mashine, hakuna barua. Anasema siku ya treni ulijificha shambani, na Émilienne alipoulizwa alitazama chini.

Mtoto naye bado hasemi.

Basi. Anapanda tena wiki hii, na karatasi hii iko mkononi mwake. Atarudi na Zawadi. Umfungie nguo zake zote, na ile picha ya Mama iliyo ukutani.

Sofia


Mikelenge, Kindu, tarehe 19 mwezi wa saba 2024

Kwa mdogo wangu Sofia, na kwa mama mdogo Pélagie ambaye amekaa mbele yangu na atasoma kabla yako,

Asalaam alaykum. Mungu akupe usingizi, na akurudishie hamu ya chakula. Nasema kwa moyo.

Barua hii ni ya tatu leo. Ya kwanza mama mdogo aliisoma, akafika mahali pa phonie, akaitia jikoni chini ya sufuria. Ya pili ilikuwa na Geneve kidogo tu, nayo ikaungua. Kisanduku cha nguo za mutoto kiko mlangoni, kimefungwa kamba. Ameniambia: «Mbaraka, ukiandika ukweli, napeleka karatasi na mutoto anabaki mpaka Sofia ajibu. Ukiandika uongo, napeleka mutoto. Chagua, maji ya sombe yanachemka.»

Basi nachagua. Na nimekasirika, ujue. Nimekukasirikia wewe kwa maneno yako ya kisu, nimemkasirikia mama mdogo, nimeikasirikia mashine, na huyo Claudine Mungu amuone. Nikimaliza hasira za watu wote inabaki yangu.

Uliuliza nani ameandikwa mzazi. Nakujibu.

Ile siku mashine iliniambia niandike mzazi hapa juu, mutoto hapa chini. Nikaanza na chini. Nikaandika Z, A, W. Mkono ukakataa. Sofia, nilimuona marehemu na lile pindo la kitenge. Jina lake, niliweke chini ya langu? Mimi nimufungie yeye mlango, yeye aniombe mimi ruhusa? Blaise angeandika bila shida, kwake ni herufi tu. Mimi sikuweza. Nikafuta. Nikaliweka jina juu, mahali pa mzazi, pamoja na mwaka wa kuzaliwa wa mama yetu, hamsini na moja, na mashine ikakubali bila neno.

Halafu chini pakabaki wazi, na mashine haiendi mbele bila mutoto. Nikamuomba Émilienne. Akaniuliza kama nimekunywa. Nikabaki mimi. Nikaandika Mbaraka. Mashine ikasema huyu amezidi miaka ya utoto. Nikapunguza. Ikakataa. Nikapunguza tena, na tena, mpaka ikafurahi. Sasa kwa mashine niko na miaka tisa. Mwezi wa nne ilinitumia keki na maputo ya rangi, na muziki, mbele ya wageni kutoka Alunguli.

Mimi nilidhani ni makaratasi tu, kode nitashika mimi. Lakini mashine ikasema: mzazi aandike kode yake, mutoto asiangalie. Mama akanitazama. Nikageuka ukutani. Mpaka leo siijui.

Swali la pili: muntu mukubwa aliyemwapisha Mama ni nani. Ni mimi.

Ngoja, usitupe karatasi. Ile barua ya Claudine haikuandikwa kwa mutoto. Iliandikwa kwangu mimi. Nilikuwa nimejiweka kwenye mashine na picha yangu ile ya koti la kukodi, na chini yake: «Mbaraka, mwenye mashimo ya dhahabu huko Kama, zamani mkuu wa phonie.» Kumbe maneno ya namna hiyo yanavuta nzi kutoka mbali. Akaniambia ni daktari, mjane, anapenda wanaume wenye historia. Nikampa historia. Sofia, hakuna muntu aliyewahi kunisikiliza namna ile bila kucheka.

Ila Kifaransa chake kilikuwa kirefu, na changu unakijua, kiliishia darasa la nne. Ile barua ya mwisho ilinishinda. Nikamuita Mama anisomee.

Alisoma kwa sauti, wima, kama anasoma mbele ya mwalimu. «Kipenzi changu, tangu nikujue moyo wangu haupumziki.» Émilienne alikuwa mlangoni anapepeta mchele. Ungo ukasimama. Nikasema, Mama, tosha. Mama hakuacha, akasoma mpaka jina. Halafu akaniuliza, na hakuwa anacheka:

«Mjomba, huyu umemuona uso?»

«Bado.»

«Anataka kujua nyumba yetu iko upande gani. Kwa nini?»

Nikasema labda ni kwa zawadi.

«Muntu mwenye zawadi anauliza jina,» akasema, «haulizi nyumba. Na kwa nini uwe peke yako?»

Émilienne akasema kutoka mlangoni: «Ndiyo, Injinia, mjibu mama yako.»

Mama akaingia upande wake, ule wa mzazi, akanifungia Claudine palepale, na huku mimi nasema ngoja, ngoja, nimuage. Halafu akachukua simu ya Émilienne, akapiga picha, akakutumia. Hakuogopa, alikuwa na furaha. Alitaka uone kwamba kufuli uliyoitaka inafanya kazi. Mimi njo niliyeogopa. Nikamuapisha kwa jina alilobeba: usimuambie mama yako ni nani alikuwa anaandikiwa. Alilia na hakusema, mpaka leo asubuhi nilipomfungua kiapo mbele ya mama mdogo. Ile njaa yako ya miezi miwili, nimekulisha mimi. Nilikuwa shambani, kweli, nyuma ya mihogo, nilisikia treni inapiga honi.

Sofia, hakuna muntu aliyemgusa. Hakuna sauti laini iliyofika kwake. Ilifika kwangu mimi, ikaniita kwa jina, na nilikuwa nimesimama tayari naelekea mlangoni kufungua.

Blaise amekuja. Nilimuita mwenyewe, alivaa suruali. Amesema ni kweli Mama alikuwa bila kufuli upande wake, kwa sababu mzazi hafungwi, na hilo ni kosa langu na linanikata. Amelitengeneza: mzazi sasa ni wewe, kode yako anakutumia kwa simu, hakuna muntu mwingine anayeijua. Wewe uliandike jina lake chini yako, ulimuzaa, mkono wako unaweza. Nilimuomba Blaise, alipokuwa hapo, anitoe mimi kwenye upande wa watoto. Mama akasema: «Mjomba abaki kwanza.» Blaise akamtii. Amemwachia yeye ufunguo wangu, wangu tu.

Nakuomba, umuache hapa. Sikuombi kwa sababu mimi ni mukubwa. Uone mwenyewe nyumba hii inalindwa na nani.

Jambo la mwisho, mama mdogo amenikodolea macho nisilifiche. Nilikuambia muntu mukubwa haandiki mambo yake kwa mashine. Ni uongo. Barua zote hizi nilizianza kwa mashine, ikanizima. Hii nayo imezima nilipofika «Asalaam». Nimemuomba Mama aniongezee nusu saa tu.

Amesema nikae, nimenye kwanza mihogo. Nimekaa. Namenya.

Mutoto wa Mama,
Mbaraka